Wa tano kwenye makaratasi: jinsi ya kuisoma SEC Magharibi kabla msimu haujaanza

Julai 2013, waandishi wa michezo wa kusini mwa Marekani walikusanyika Hoover, kitongoji cha Birmingham katika jimbo la Alabama. Kwa siku tatu makocha wa futiboli ya Kimarekani wa vyuo vikuu walipanda jukwaani mmoja baada ya mwingine wakiulizwa maswali, kisha waandishi wakapiga kura kupanga nani angemaliza wa kwanza na nani angeburura mkia. Kwa divisheni ya Magharibi ya SEC, konferensi (yaani chama) ya vyuo vya Kusini-Mashariki, msimamo waliouandika ulikuwa huu: Alabama, Texas A&M, LSU (chuo cha jimbo la Louisiana), Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi), Auburn, Mississippi State, Arkansas.

Haikutimia miezi mitano, Auburn ile ya tano ikawa bingwa wa divisheni, kisha bingwa wa SEC nzima. Ubingwa wa taifa iliukosa zikiwa zimebaki sekunde 13.

Nimeuchagua msimu huo kwa makusudi. Watu wetu walioko Houston, Dallas na Atlanta wanaishi katikati kabisa ya nchi ya SEC, na kila Agosti wanasikia wenzao kazini wakibishana juu ya timu ambazo bado hazijagusa mpira. Njia nzuri ya kuuelewa ubishi huo ni kurudi kwenye Agosti moja ambayo majibu yake tunayajua, tukajiuliza: ni kipi kilikuwa kinaonekana tangu mwanzo, na kipi kilikuwa kimejificha kwa kila mtu?

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa ufupi. Hii ni futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Ikifaulu inapata mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho wa mpinzani ni tachidauni, pointi 6, na kwa kawaida huongezwa 1 ya mkwaju. Mkwaju unaopita katikati ya milingoti miwili, bila tachidauni, ni pointi 3. Anayeanza na mpira mkononi na kuamua autupe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe anaitwa kwotabeki. Mbele yake husimama watu watano wa miraba minne ambao karibu hawagusi mpira kabisa. Kazi yao ni kuzuia tu. Hao ndio ukuta, na majina yao hayachapwi kwenye mabango.

Vyuo hivi havichezi ligi moja ya taifa. Vimejigawa katika konferensi, vyama vya vyuo vinavyopangiana mechi na kugawana fedha za televisheni. SEC ni Konferensi ya Kusini-Mashariki. Kwa muda mrefu ilikuwa na timu 10. Ilipozichukua Arkansas na South Carolina zikawa 12, na mwaka 1992, chini ya kamishna Roy Kramer, ikatumia kanuni ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliyoruhusu konferensi ya timu 12 kugawanyika pande mbili na kuchezesha fainali. Konferensi kubwa nyingine zilikuwa hazijathubutu. Fainali ya kwanza ilichezwa Birmingham, Alabama ikaifunga Florida 28-21, na tangu 1994 fainali inachezwa Atlanta. Mwaka 2012 zikaingia Texas A&M na Missouri, zikawa timu 14, saba Magharibi na saba Mashariki.

Majina hayo ya pande yasikupoteze. Auburn, ya Magharibi, iko mashariki zaidi kuliko Nashville, makao ya Vanderbilt ambayo ni ya Mashariki. Missouri, iliyo mbali magharibi kuliko Auburn na Alabama zote mbili, iliwekwa Mashariki. Mpaka ulichorwa kwa watani wa jadi, kwa desturi na kwa nafasi zilizokuwa wazi.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo mzizi wa jambo lote ulipo. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16. Kila moja inacheza mechi 30, na kila mmoja anamkuta kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini. Ukimaliza wa kwanza, hakuna wa kukuambia kwamba umewakwepa wakubwa. SEC ya 2013 ilikuwa na timu 14 na mechi nane tu za konferensi kwa kila timu: sita dhidi ya wenzake wa divisheni, moja dhidi ya mpinzani wa kudumu wa upande wa pili, na moja dhidi ya mpinzani anayebadilika kwa zamu. Maana yake kila timu ya Magharibi ilizikuta timu mbili za Mashariki, na tano haikuziona kabisa.

Mechi nane. Kwenye Ligi Kuu, kupoteza mechi moja ni kukosea mara moja katika thelathini. Hapa ni mara moja katika nane, na bingwa wa divisheni kwa kawaida alikuwa na kipigo kimoja au hana kabisa. Timu mbili zikilingana, anayepita ni yule aliyemfunga mwenzake walipokutana. Kwa hiyo swali la kwanza la mtabiri wa divisheni ni nani anakutana na nani, na wapi. Ubora wa timu unafuata baadaye. Watu wengi hulianza swali hili kichwa chini.

Itazame ratiba ya 2013 kwa macho ya Agosti. Mpinzani wa kudumu wa Alabama alikuwa Tennessee, utani wa miaka mingi sana, na kwa zamu ya mwaka ule ikapewa Kentucky. Mwaka 2012 Tennessee ilishinda mechi 5 na Kentucky 2, jumla ushindi 7. LSU, yenye mpinzani wa kudumu Florida, ikapewa na Georgia juu yake. Florida ilikuwa imetoka kushinda mechi 11 na Georgia 12, jumla 23. Timu mbili zinazogombea kiti kimoja, katika mechi nane tu, na mbili kati ya hizo zimepishana kiasi hicho. Kocha wa LSU, Les Miles, aliulalamikia hadharani mfumo huo wa wapinzani wa kudumu. Naamini alikuwa na haki. Divisheni haiwezi kuitwa mbio za wote wakati mmoja anapanda mlima na mwenzake anateremka.

Lakini ratiba nayo ina mtego, na huu ndio unaowanasa hata wazoefu. Ugumu wa ratiba tunaupima kwa matokeo ya mwaka uliopita, na matokeo hayo yenyewe ni ya mechi chache. Florida iliyotisha mwezi Agosti ilimaliza 2013 na ushindi 4 na vipigo 8. LSU ikaifunga 17-6. Georgia ndiyo iliyowaumiza, 44-41, kule Athens, nyumbani kwa Georgia. Na Missouri, ambayo 2012 ilishinda mechi 5 tu na ikaonekana mpinzani mwepesi, ilishinda 12 na kuutwaa upande wa Mashariki. Texas A&M na Ole Miss waliopangiwa Missouri walidhani wamepewa unafuu, na wote wawili wakafungwa. Kwa hiyo mimi ratiba naisoma kwa mambo yasiyotegemea mwaka jana: uwanja, tarehe, na mapumziko kati ya mechi. Hayo hayabadiliki.

Ukiisoma hivyo, kuna mstari mmoja ambao ulikuwa wazi kwa kila mtu mwezi Julai. Auburn ilikuwa na mechi mbili ngumu za mwisho, dhidi ya Georgia tarehe 16 Novemba na dhidi ya Alabama tarehe 30 Novemba. Zote mbili nyumbani, Jordan-Hare, uwanja unaobeba watu zaidi ya 87,000. Na kati yake kulikuwa na wiki ya kupumzika. Ratiba haimpi mtu ubingwa, lakini kama timu ingefika Novemba ikiwa hai, ingekuwa imesimama mahali pazuri kuliko wote.

Je, nani alidhani Auburn ingefika Novemba ikiwa hai?

Mwaka 2012 Auburn ilishinda mechi 3 na kufungwa 9. Katika SEC ilifungwa zote nane. Texas A&M waliichapa 63-21, Georgia 38-0, na mechi ya mwisho Alabama 49-0. Fikiria Simba au Yanga imefungwa na mtani wake kwa kipigo cha aina hiyo, mwisho wa msimu wa namna hiyo. Kocha Gene Chizik akafukuzwa, miaka miwili tu baada ya kuipa Auburn ubingwa wa taifa kwa rekodi ya 14-0, yaani ushindi 14 bila kipigo. Mpiga kura aliyeiweka ya tano alikuwa tayari anaihurumia kidogo, kwa sababu ilikuwa imetoka kuwa ya saba.

Hata hivyo, nyuma ya ile 0-8 kulikuwa na mambo manne ambayo mtu makini angeyaona.

La kwanza ni kocha mpya, ambaye hakuwa mgeni. Gus Malzahn ndiye aliyekuwa kocha wa mashambulizi wa Auburn kuanzia 2009 hadi 2011, pamoja na ule mwaka wa kwotabeki Cam Newton na ubingwa. Mwaka 2012 alikwenda kuwa kocha mkuu wa Arkansas State, akarudi Desemba. Ina maana wachezaji wengi aliowakuta walikuwa wamesajiliwa wakati wake, kwa ajili ya mchezo wake wa kasi na mbio. Ndani ya mwaka mmoja walikuwa wamefundishwa mchezo wa aina nyingine kabisa, wakapotea njia. Kocha mpya akileta mfumo mpya, kwa kawaida unasubiri mwaka mmoja au miwili. Huyu alikuwa anawarudisha watu kwenye mfumo waliosajiliwa kwa ajili yake.

La pili ni malighafi. Wapimaji wa usajili wa vijana wanaotoka sekondari walikuwa wakiiweka Auburn miongoni mwa vyuo bora nchini mwaka baada ya mwaka. Timu ya mechi 3 haikuwa timu ya wachezaji dhaifu. Kijana aliyekuwa akilinda upande wa kushoto wa ukuta, Greg Robinson, alichaguliwa wa pili katika drafti ya NFL ya 2014, yaani siku ambayo ligi ya kulipwa inagawana wachezaji wa vyuo. Mkimbiaji wao Tre Mason alikuwa amepata yadi 1,002 katika timu ile ile mbovu ya 2012. Mtu anayevuka yadi elfu moja akiwa amezungukwa na matatizo, mwangalie vizuri mwaka unaofuata.

La tatu ni kwamba vile vipigo vikubwa vilificha vingine vidogo. LSU, ikiwa ya pili kitaifa Septemba 2012, iliishinda Auburn kwa taabu, 12-10. Vanderbilt walishinda 17-13. Sisemi timu ile ilikuwa nzuri, haikuwa. Nasema 0-8 ilionekana kama sifuri tupu, na haikuwa sifuri tupu.

La nne ndilo gumu, kwotabeki. Nick Marshall alianza chuo Georgia, akicheza upande wa ulinzi. Akaondoka, akacheza mwaka mmoja chuo kidogo cha Garden City huko Kansas, kisha akaja Auburn majira ya joto ya 2013. Mazoezi ya masika hakuyafanya. Waandishi walipokuwa wanapiga kura Hoover, hakuna aliyekuwa amemwona hata mara moja amevaa jezi ya Auburn, na hakutangazwa kuwa kwotabeki wa kwanza mpaka Agosti. Hapo siwezi kumlaumu mtu. Ila Malzahn alikuwa ameshaonyesha na Newton, ambaye naye alitokea chuo kidogo, anaweza kufanya nini na kijana mwenye miguu na mkono. Msimu ulipokwisha, Auburn ilikuwa ya kwanza nchini nzima kwa yadi za kukimbia, 328 kwa mechi. Kwenye fainali ya SEC dhidi ya Missouri, waliyoshinda 59-42, Mason peke yake alikimbia yadi 304.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kuiweka Auburn ya kwanza Julai 2013 kungekuwa kubahatisha, lakini kuiweka chini ya Ole Miss ilikuwa kusoma msimamo wa mwaka jana na kuuita uchambuzi.

Ole Miss yenyewe ilipandishwa na kitu kingine, yaani msisimko wa usajili. Februari 2013 kocha Hugh Freeze alimpata Robert Nkemdiche, kijana aliyetajwa na wengi kuwa bora kuliko wote nchini mwaka ule, pamoja na Laremy Tunsil na Laquon Treadwell. Ni haki yao kushangiliwa. Lakini hao ni watoto wa miaka 18 wanaokwenda kugongana na wanaume wa miaka 22, na darasa zuri la usajili huonekana uwanjani baada ya miaka miwili au mitatu. Ole Miss ilimaliza na ushindi 3 na vipigo 5 katika konferensi, ingawa mmoja kati ya ushindi huo, 27-24 dhidi ya LSU, uliivuruga divisheni nzima.

Alabama kuiweka ya kwanza hakukuhitaji ujasiri. Kocha wao Nick Saban alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa taifa wa 2011 na 2012, kwotabeki AJ McCarron alikuwa amerudi, nyota wenzake Amari Cooper, T.J. Yeldon na C.J. Mosley pia. Kura ya taifa ya kabla ya msimu iliwapa kura 58 za nafasi ya kwanza kati ya 60. Swali pekee lilikuwa kwenye ule ukuta nilioutaja. Watatu kati ya watano walikuwa wameondoka, Barrett Jones, Chance Warmack na D.J. Fluker, wawili wa mwisho wakichaguliwa mfululizo, wa 10 na wa 11, katika drafti ya 2013. Timu nyingine ingeporomoka. Alabama, kwa jinsi ilivyosajili, iliziba mapengo na ikafika siku ya mwisho bila kufungwa.

Texas A&M walikuwa na Johnny Manziel, ambaye 2012 alikuwa mchezaji wa kwanza wa mwaka wa kwanza kutwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, na aliyeifunga Alabama 29-24 kwao Tuscaloosa. Ni rahisi kuona kwa nini walipewa nafasi ya pili. Lakini kuangalia kwotabeki mmoja ni sawa na kuangalia mshambuliaji na kusahau mabeki. Ulinzi wao ulikuwa wa vijana wabichi, na ukavuja tangu siku ya kwanza. Rice waliwatia pointi 31, Alabama 49, Auburn 45. Manziel akapata 42 dhidi ya Alabama na 41 dhidi ya Auburn, na zote mbili akapoteza nyumbani kwao. Mtu akikuambia timu fulani itatwaa divisheni kwa sababu ya kijana mmoja, muulize nani anazuia upande wa pili.

LSU walipoteza wachezaji 9 waliochaguliwa kwenye drafti moja, wengi wao wa ulinzi. Mississippi State na Arkansas hazikuwa na kisa kirefu mwaka ule. Arkansas, chini ya kocha mpya Bret Bielema, ilifungwa zote nane, na hapo wapiga kura wa Hoover walikuwa sahihi.

Tumebaki na kile ambacho hakuna ratiba wala usajili ungekionyesha. Msimu ule Auburn ilikuwa na mechi 6, kabla ya fainali, zilizoamuliwa kwa tofauti ya pointi 8 au pungufu. Ilishinda zote 6. Dhidi ya Mississippi State tachidauni ya ushindi ilikuja zikiwa zimebaki sekunde 10. Dhidi ya Georgia walikuwa nyuma 38-37, jaribio la nne, yadi 18 za kwenda. Marshall akautupa mpira mbali, mlinzi wa Georgia akauparaza, ukaruka juu na kumwangukia Ricardo Louis aliyekuwa anakimbia nyuma yake. Yadi 73, tachidauni, 43-38.

Wiki mbili baadaye ikaja Alabama. Alabama 7-0 katika konferensi, Auburn 6-1 baada ya kufungwa na LSU 35-21 mwezi Septemba. Kwa ile kanuni ya ana kwa ana, mshindi wa siku hiyo anakwenda Atlanta na mwingine anabaki nyumbani. Zikiwa zimebaki sekunde 32 Marshall alimpa Sammie Coates tachidauni ya kusawazisha, 28-28. Alabama wakapata mpira, mkimbiaji wao akatoka nje ya uwanja, saa ikasoma sifuri. Saban akalalamika, waamuzi wakaangalia picha, wakairudisha sekunde moja. Kwa sekunde hiyo Alabama wakajaribu mkwaju wa yadi 57. Ukapungua. Chris Davis wa Auburn alikuwa amesimama nyuma kabisa chini ya milingoti, akaudaka, akakata kushoto, akakimbia uwanja mzima. Yadi 109 kwa mguu, 100 kwenye vitabu kwa sababu kanuni haihesabu zaidi. 34-28. Nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nasimama.

Auburn 7-1, Alabama 7-1. Divisheni ya timu saba na miezi mitatu ya mpira iliamuliwa na mkwaju uliopungua na sekunde moja ambayo Saban mwenyewe aliidai.

Hapa ndipo pa kumwonya anayetabiri. Kushinda mechi 6 kati ya 6 za aina hiyo ni ushujaa, na wachezaji wale wanastahili kila sifa. Lakini ni ushujaa usiohifadhiwa ghalani hadi mwaka unaofuata. Ukikuta timu iliyoshinda karibu mechi zote za pua na mdomo, ishushe kidogo kwenye karatasi yako. Ukikuta iliyozipoteza karibu zote, ipandishe. Auburn ya 2014 ilianza msimu ikiwa ya sita kitaifa, kocha yule yule, kwotabeki yule yule, na ikamaliza na ushindi 8 na vipigo 5. Iliyopaa mwaka huo ilikuwa Mississippi State, ambayo haikuwamo hata katika 25 bora za mwezi Agosti. Ikiwa na kwotabeki Dak Prescott, iliwafunga mfululizo LSU, Texas A&M na Auburn, na Oktoba ikawa ya kwanza nchini kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo. Na 2015 waandishi wakaitabiri Auburn kuwa bingwa wa SEC. Ikamaliza ya saba, mkiani mwa Magharibi.

Divisheni zenyewe hazipo tena SEC. Zilifutwa 2024 zilipoingia Texas na Oklahoma, timu zikawa 16 katika msimamo mmoja, na wawili wa juu ndio wanaokwenda Atlanta. Siku hizi pia mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, kwa hiyo lile swali la nani karudi linakwenda pamoja na nani kaja. Timu inaweza kubadilika nusu nzima kati ya Januari na Agosti, na kina Nick Marshall wamejaa kila mahali.

Ratiba, kwa upande wake, imekuwa nzito zaidi ya zamani. Mwaka 2024 kila timu ilicheza mechi nane na kuwakosa wapinzani saba. Texas, wageni wa mwaka wa kwanza, hawakupangiwa Alabama, LSU, Ole Miss wala Tennessee, na walimaliza 7-1. Georgia walipangiwa Alabama, Ole Miss, Tennessee, na Texas wenyewe kule Austin, wakamaliza 6-2. Kwenye msimamo Texas walikuwa juu. Uwanjani Georgia waliwafunga mara mbili, 30-15 Oktoba na 22-19 katika muda wa nyongeza wa fainali. Na ratiba zile zote mbili zilikuwa mezani, zimechapwa, tangu kabla ya mwaka huo kuanza.